Sheria ya Obama na madini ya Kivu: wataalamu wamebishana miaka 15, mchimbaji angali anangoja bei

Mwaka wa 2010, barabara ya lami ya Kilambo, katika teritwari ya Walikale, ilikuwa na kazi mbili. Pikipiki na magari yalipita juu yake kama kwenye barabara yoyote. Lakini ndege ndogo kutoka Goma iliposikika, watu walitoka njiani, nayo ikatua palepale kwenye lami. Ilipakia magunia ya kasiterite, lile jiwe zito linalotoa bati, kisha ikaruka tena kurudi Goma. Magunia hayo yalitoka Bisie, ndani ya pori, mgongoni mwa wabebaji waliotembea karibu siku mbili na mzigo wa kilo 50. Huko Bisie na njiani, mwenye bunduki alikata sehemu yake: kwa mchimbaji anayeingia shimoni, kwa mbebaji anayepita kizuizi, kwa mama anayepandisha maharage na unga.

Septemba mwaka huo, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Katazo lilidumu hadi Machi 2011. Na siku chache baada ya kuondolewa, tarehe 1 Aprili 2011, viwanda vikubwa vya kuyeyusha madini na kampuni za elektroniki zilizokuwa zikinunua kwao zikaacha kupokea madini ya mashariki ya Kongo yasiyo na karatasi za kuonyesha yalikotoka. Karatasi hizo, wakati huo, karibu hakuna mtu wa Kivu aliyekuwa nazo.

Wakaaji wa machimboni hawakuhitaji mwanasheria ili kutoa jina. Waliiita sheria ya Obama.

Ukweli ni kwamba sheria yenyewe haikuandikwa kwa ajili ya Kongo. Barack Obama aliitia sahihi tarehe 21 Julai 2010 ili kurekebisha mabenki ya Marekani baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008. Ni kitabu cha kurasa zaidi ya 800, kinachojulikana kama sheria ya Dodd-Frank. Karibu na mwisho, kifungu cha 1502 kinazungumzia Kongo: kila kampuni iliyoandikishwa kwenye soko la hisa la Marekani, ikiwa inatumia bati, tantali inayotoka katika koltani, wolframu au dhahabu, iseme wazi kama madini hayo yametoka Kongo au kwa majirani zake tisa, na ieleze ilichofanya ili kujua kama yamelisha makundi yenye silaha. Sheria haikukataza kununua madini ya Kongo, na jambo hilo husahaulika mara nyingi. Iliomba tu kampuni ziseme. Lakini mfanyabiashara anayeulizwa maswali magumu kuhusu duka moja, wakati kuna maduka mengine kumi mtaani, hafanyi uchunguzi. Anabadilisha duka. Bati ilikuwepo Indonesia, koltani ilikuwepo Brazil na Australia, na kampuni zikaelekea huko.

Tangu hapo, wataalamu wa vyuo vikuu, mashirika na serikali hawajaacha kubishana kuhusu kifungu hicho. Ni mazungumzo marefu, mengi yakifanyika kwa Kiingereza, Washington, London au Bruxelles. Kwa kuwa matokeo yake yanaangukia Rubaya, Nyabibwe na Shabunda, inafaa kuyafuata kwa ukaribu, maana mwaka wa 2025 yameanza upya karibu kwa maneno yaleyale.

Upande wa kwanza ni wa wale walioipigania sheria. Mbele yao lilikuwa shirika la Enough Project la Washington, ambalo lilikuwa limewaeleza Wamarekani kwamba simu mkononi mwao inaweza kuwa imelipia vita vya Kivu. Hoja yao ilikuwa fupi: kundi lenye silaha linahitaji fedha, fedha zinatoka mgodini, basi ukifunga mfereji wa fedha, bunduki itakosa chakula. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, aliyewaona waathirika wa vita hivyo kwenye kitanda cha upasuaji, naye alihimiza Ulaya ipitishe sheria kali ya aina hiyo. Hawa si watu wa kupuuzwa. Waliona kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa akiuliza lolote, na kwamba kiwanda cha mbali kilinunua gunia la Bisie kama gunia la mahindi.

Upande wa pili ulijitokeza mapema. Januari 2012, Laura Seay, mtaalamu Mmarekani wa mambo ya siasa, alichapisha katika kituo cha utafiti cha Washington andiko lililosema kwamba watetezi wa sheria wamechukua dalili wakaiita ugonjwa. Vita vya mashariki, alieleza, vina mizizi katika ardhi, uraia, mamlaka ya kimila na udhaifu wa serikali; madini yanavirefusha, hayakuvizaa. Mwaka huohuo Séverine Autesserre, aliyekwisha kufanya utafiti wa miaka mingi Kivu, aliandika kwamba dunia inapenda kuieleza Kongo kwa hadithi chache rahisi, na hadithi ya madini ni moja ya hizo. Mtu yeyote wa Masisi anayejua jinsi mashamba ya malisho yalivyogawanya familia kabla hata koltani haijapata bei angeweza kuwaambia hivyo, lakini si yeye aliyekuwa ameitwa kwenye kikao.

Septemba 2014 ikatoka barua ya wazi, iliyotiwa sahihi na wataalamu wapatao 70, Wakongomani na wageni. Barua haikusema sheria ifutwe. Ilisema kwamba kati ya mamia ya machimbo ya mashariki, ni sehemu ndogo tu iliyokuwa imefikiwa na mpango wa kufuatilia madini, na kwamba machimbo yaliyobaki yalikuwa yamesukumwa gizani. Wakongomani wenyewe, iliongeza, hawakusikilizwa vya kutosha wakati mambo hayo yalipopangwa.

Lakini hoja iliyotikisa zaidi ilitoka kwa wanauchumi, na inahitaji kuelezwa taratibu.

Fikiri kijiji chenye mgodi wa koltani. Kundi lenye silaha limekaa hapo. Linatoza kodi kwa kila gunia. Ni wizi, ndiyo, lakini ni wizi wenye hesabu: kundi linataka wachimbaji waendelee kuchimba kesho, kwa hiyo haliwanyang'anyi kila kitu leo, na pengine linazuia hata wezi wengine wasiingie. Raúl Sánchez de la Sierra, aliyefanya uchunguzi kijiji kwa kijiji katika Kivu ya Kusini, ameonyesha kwamba bei ya koltani ilipopanda sana mwaka wa 2000, makundi yalifanya hivyo hasa: yalikaa mahali pamoja na kuanza kutoza, kwa sababu koltani ni nzito na haifichiki. Dhahabu inafichika mfukoni, ndiyo maana makundi hayakuifuata kwa namna ileile mgodini.

Sasa funga soko la koltani na kasiterite ghafula. Kundi halipotei. Bado lina tumbo na bunduki. Haliwezi tena kutoza gunia, basi linageukia nyumba, mbuzi, gala la mihogo na barabara ya soko. Dominic Parker na Bryan Vadheim walichapisha mwaka wa 2017 utafiti uliosema ndivyo ilivyotokea: baada ya katazo na sheria, uporaji wa raia uliongezeka katika maeneo yaliyoguswa. Mwaka mmoja kabla, Parker na wenzake walikuwa wametoa tarakimu nzito zaidi: katika vijiji vilivyo karibu na machimbo yaliyolengwa, uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza mwaka uliongezeka kwa angalau asilimia 143. Maelezo yao hayakuwa ya ajabu. Baba hana mapato, mama haendi kwenye kituo cha afya kwa sababu matibabu yanalipiwa, chakula kimepungua nyumbani.

Watetezi wa sheria walijibu, na jibu lao lina uzito. Kwanza, katazo la Septemba 2010 lilitoka Kinshasa, si Washington; ni vigumu kutenganisha madhara ya Kabila na madhara ya Obama, kwa kuwa yalifuatana kwa majuma. Pili, mambo hayakubaki kama yalivyokuwa mwaka wa 2011. Shirika la utafiti la IPIS la Ubelgiji, ambalo timu zake huzunguka machimboni na kuandika ramani, lilikuta mwaka wa 2016 kwamba asilimia 79 ya wachimbaji wa kasiterite, koltani na wolframu waliofikiwa walikuwa wakifanya kazi mahali pasipo na kundi lenye silaha. Miaka michache kabla, jambo hilo lisingeweza kufikiriwa. Kwa dhahabu, hali ilikuwa kinyume: wengi wa wachimbaji wake bado walikuwa chini ya bunduki.

Kwa hiyo nani ana haki? Pande zote mbili, na hilo ndilo linalochosha. Bunduki zilipungua kwenye machimbo kadhaa ya bati na koltani. Nazo hazikupungua katika nchi. Oktoba 2024, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ambayo imekuwa ikifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, iliandika bila kuzunguka kwamba amani na usalama nchini Kongo havikuboreka kutokana na kanuni hiyo. Huo si mkutano wa wapinzani. Ni mkaguzi wa bunge lilelile lililopitisha sheria.

Kati ya kufungwa kwa soko na kufunguliwa kwake tena, kuna kitu kidogo cha plastiki: etiketi. Mpango unaoitwa ITSCI, ulioanzishwa na wenye viwanda vya bati na tantali, unatumia etiketi yenye namba inayofungwa kwenye gunia mgodini mbele ya wakala wa serikali, kisha nyingine kwa mchuuzi, ili gunia lifuatwe hadi kwenye kontuari, ile nyumba inayosafirisha madini nje. Pamoja nayo kuna rangi. Tangu 2012, timu ya pamoja ya serikali, mashirika ya kiraia, kampuni na Umoja wa Mataifa inatembelea mgodi na waziri anautangaza kuwa kijani, manjano au nyekundu. Kijani ni ruhusa ya kuuza. Nyekundu ni mlango kufungwa.

Oktoba 2012, mgodi wa Kalimbi huko Nyabibwe, teritwari ya Kalehe, ulikuwa wa kwanza katika Kivu ya Kusini kurudi sokoni kwa njia hiyo, kwa msaada wa Uholanzi. Nyabibwe ilikuwa imeona duka baada ya duka likifungwa. Etiketi ilirudisha wanunuzi, na hilo lisikataliwe.

Ila etiketi ina bei, na anayeilipa hajulikani sana nje ya machimbo. Msafirishaji hulipa ada kwa kila tani. Hailipi kutoka mfukoni mwake. Anaikata kwa mchuuzi, mchuuzi anaikata kwa kiongozi wa shimo, naye anaikata kwa yule aliye chini na nyundo. Mnunuzi wa simu huko Ulaya hakuongezewa hata senti moja. Usafi wa madini, ambao ulitakiwa na watu wa mbali, uligharamiwa na mtu wa chini kabisa katika mnyororo. Wataalamu wengi wameliandika jambo hili, lakini katika kila mpango mpya linawekwa kwenye ukurasa wa mwisho.

Halafu etiketi ni kitu kinachoweza kuuzwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kadhaa biashara ya etiketi. Aprili 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyodai kwamba katika sehemu kama Nzibira, teritwari ya Walungu, madini mengi yaliyofungwa etiketi hayakutoka katika machimbo yaliyoandikwa. ITSCI ilikana. Hata hivyo, Oktoba mwaka huo, jumuiya ya kampuni zinazosimamia ununuzi wa madini iliiondoa ITSCI kwenye orodha ya mipango inayoitambua. Kwa wachimbaji, mjadala huo ulikuwa na maana moja tu: kama etiketi yao haiaminiki, bei itashuka tena.

Na katika miaka yote hiyo Ulaya nayo ilikuwa imeandika sheria yake, kanuni ya 2017 iliyoanza kutumika Januari 2021. Ile ya Marekani, kwa upande wake, ililegea: Aprili 2014 mahakama ya Washington ilikata kipande chake, na Aprili 2017 tume ya soko la hisa ilitangaza kwamba haitasukuma utekelezaji wa sehemu nyingine. Kampuni zinaendelea kujaza karatasi. Nyingi zinajibu, kwa maneno marefu, kwamba hazikuweza kujua.

Yote hayo yalikuwa mjadala wa miaka ya amani nusu. Mwishoni mwa Aprili 2024, waasi wa M23 waliingia Rubaya, teritwari ya Masisi, kijiji cha koltani ambacho kinakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika baadaye mwaka huo kwamba M23 ilikuwa ikikusanya huko kodi ya takriban dola 800 000 kwa mwezi, na kwamba madini yalikuwa yakivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Rwanda imekana daima. Yule mwenye bunduki anayekaa, anayetoza kwa hesabu, ambaye wanauchumi walimwandika kwenye makala zao, alikuwa amerudi, safari hii na utawala mzima. Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari Bukavu.

Majibu ya dunia yalifanana na yale ya 2011 kama mapacha. Desemba 2024, serikali ya Kongo ilishitaki matawi ya kampuni ya Apple huko Ufaransa na Ubelgiji, ikidai kwamba madini ya Kongo yaliyoporwa yanaingia katika bidhaa zake. Apple ilikana, na ikaeleza kwamba ilikuwa imekwisha kuwaambia wanaoipatia vifaa waache kununua madini yanayotoka Kongo na Rwanda. Kinshasa ilitaka kampuni ijibu kwa madini ya wizi. Jibu likawa kufunga mlango kwa Kongo yote, pamoja na machimbo ya kijani ambayo hayajawahi kumwona M23. Februari 2025, waziri wa madini alitia rangi nyekundu machimbo ya Masisi na Kalehe, akisema fedha zake zinalisha vita. Kwa upande wa sheria hakukosea. Swali ambalo halikujibiwa ni lilelile la 2010: mchimbaji wa Rubaya, ambaye hakuwaita M23 na hana uwezo wa kuwaondoa, ale nini siku ya kesho yake? Kwa vitendo anaendelea kuchimba, kwa sababu mlima uko palepale na watoto wako palepale, na anauza kwa yeyote anayelipa, kwa bei ya mtu asiye na chaguo. Rangi nyekundu haikufunga shimo. Ilipunguza idadi ya wanunuzi wanaoweza kuonekana mchana.

Mtu anaweza kuuliza kama kuna njia nyingine. Katika mazungumzo haya ya miaka 15, mapendekezo yapo, na mengine si ya gharama kubwa. Adhabu imfuate mnunuzi na msafirishaji anayejulikana, si eneo zima: Agosti 2025 wizara ya fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo wanunuzi wawili wa Hong Kong kwa ajili ya koltani ya Rubaya, hatua ambayo ina majina na anwani. Ada ya ufuatiliaji ilipwe na kiwanda cha mwisho. Mgodi unapopewa nyekundu, kuwe na tarehe ya kurudi kuutazama, si amri inayorefushwa tu. Na kabla ya kufunga, kuwe na kazi ya muda au msaada wa chakula kwa vijiji vinavyoishi kwa mgodi huo, kama serikali zinavyofanya kwa wafanyakazi wa kiwanda kinachofungwa kwao. Hili la mwisho ndilo lililosemwa mapema zaidi, na ndilo ambalo halijawahi kupata bajeti.

Juni 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mkataba wa amani Washington. Tarehe 4 Desemba marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame wakakutana huko mbele ya Donald Trump. Pembeni mwa amani kuna mpango wa ushirikiano wa kiuchumi wa kanda, na ndani yake yanarudi maneno ambayo Kivu inayajua: ufuatiliaji wa madini, minyororo safi, wawekezaji wenye kuwajibika. Wataalamu wameanza tena kuandika. Wengine wanaona nafasi ambayo haijapatikana kwa miaka 30, kwamba biashara halali itakuwa na faida kuliko magendo. Wengine wanaonya kwamba Marekani inatafuta madini kabla ya amani, na kwamba kampuni kubwa zikiingia, wachimbaji wa mikono watasukumwa nje kama ilivyokuwa Bisie, ambako leo kampuni ya Alphamin inachimba bati kwa mashine na wale wabebaji wa njia ya pori hawapo tena.

Vyama vya ushirika vya wachimbaji vya Masisi, Kalehe na Walikale havikuwa na kiti kwenye meza ya Washington. Nyabibwe yenyewe, iliyofunga etiketi ya kwanza ya Kivu ya Kusini mwaka wa 2012, iliingia mikononi mwa M23 tarehe 5 Februari 2025, na machimbo ya teritwari yake ni kati ya yale yaliyotiwa nyekundu mwezi huohuo.